Kuchungulia au Kutazama?

Ukimwona mtu amenyoosha mikono mbele na kamera kubwa kana kwamba anapiga selfi, huyo alijifunzia kwenye simu. Ukimwona amefumba jicho moja na kukunja uso, huyo ni wa zamani, au amefundishwa na wa zamani. Kila mmoja humcheka mwenzake. Mimi ni wa kuchungulia, nasema mapema, lakini zipo nafasi ambapo kung'ang'ania kile kitundu cha juu badala ya skrini ya nyuma ni ukaidi tu.

1. Fahamu kwanza kama kamera yako ina kioo ndani au haina. Ushauri wote unaanzia hapo. Kwenye DSLR, yaani zile zenye kioo, mwanga ukishapita kwenye lenzi hugonga kioo kilichoinama, ukarushwa juu hadi jichoni. Unachokiona kitunduni ni kitu chenyewe, si picha yake. Ndiyo maana unaweza kuvuruga mipangilio yote, kitunduni mambo yakaonekana shwari, kisha picha ikatoka nyeusi ti. Skrini ingekuonya mapema. Kwenye kamera zisizo na kioo, kitundu nacho ni skrini ndogo iliyofichwa ndani, kwa hiyo juu na nyuma unaona kitu kilekile. Zipo pia ambazo hazina kitundu kabisa, kama Canon EOS M200 au Sony ZV-E10. Uliza kabla hujatoa pesa.

2. Kagua kingo. Kitundu cha DSLR za bei nafuu, mfano Canon EOS 2000D na Nikon D3500, huonyesha asilimia 95 hivi ya upana na ya urefu wa picha. Ukipiga hesabu, karibu sehemu moja ya kumi ya eneo lote huioni. Huko ndiko zinakojificha ndala, kreti la soda na kiwiko cha mjomba. Piga moja, tazama pembe nne kwenye skrini, ndipo uwaruhusu watu watawanyike.

3. Jua la saa saba mchana halina mjadala: chungulia. Nenda Paje au Diani, mchanga mweupe, jua utosini, kisha jaribu kutazama skrini. Utaona paji la uso wako mwenyewe. Wengi huongeza mwangaza wa skrini, nao huo huwadanganya: picha inaonekana imeiva, kumbe bado ina giza. Usiku mambo hugeuka. Skrini ile ile ikiwaka ukumbini penye taa hafifu, kila picha hupendeza, hadi kesho yake utakapoifungua kwenye kompyuta. Dawa ni ile grafu ndogo ya mwanga. Ikirundikana na kugota ukuta wa kulia, shela la bibi harusi limeungua na nakshi zake hazirudi. Ikibanana kushoto, suti ya bwana harusi imekuwa shimo jeusi. Grafu haijali kama uko juani au gizani.

Na kama umevaa miwani ya jua ya kukata mng'ao, ukiisimamisha kamera wima skrini inaweza kuzimika machoni pako. Vua miwani kabla hujampigia simu fundi.

4. Lenzi ndefu, kamera usoni. Mikono miwili, paji la uso, viwiko vimebana mbavu: hapo kamera imeshikwa kweli. Mikono ikinyooshwa hewani hutetemeka hata kama wewe huhisi, na lenzi ya milimita 200 hukuza kila mtetemo. Ukilazimika kutumia skrini, vaa ukanda shingoni kisha sukuma kamera mbele mpaka ukanda ukaze kabisa. Utashangaa inavyotulia.

5. Kwa watoto, shuka. Kwa umati, panda. Hapa mimi mwenyewe naacha kitundu. Skrini inayopinda hukuwezesha kushika kamera usawa wa kiuno huku ukitazama chini, na mtoto anaona uso wako badala ya dude jeusi lenye jicho moja. Si ujanja mpya: kamera za Rolleiflex, zilizoanza kuuzwa mwaka 1929, zilitazamwa kwa juu hivyohivyo, tena picha ikiwa imegeuka kushoto kulia. Na pale maharusi wanapoingia ukumbini, mbele yako kukiwa na ukuta wa simu zilizoinuliwa, nyanyua kamera juu ya kichwa, pindua skrini ikutazame, piga. Ukichungulia utarudi nyumbani na visogo.

6. Unaona ukungu? Tafuta gurudumu dogo. Liko kando ya kitundu, nalo hurekebisha kuona kwa jicho lako tu, si fokasi ya picha. Huzunguka lenyewe ndani ya begi. Lizungushe ukitazama tarakimu zilizo ndani ya kitundu, si mandhari, mpaka ziwe kali.

7. Chunga pua. Sichekeshi. Anayechungulia kwa jicho la kushoto hulaza pua juu ya skrini, na skrini ya kugusa haijui pua ni pua. Alama ya fokasi inasogea kutoka usoni mwa bibi harusi hadi kwenye mapazia, nawe huna habari. Ingia kwenye menyu uzime kugusa wakati wa kuchungulia. Ukiwa humo, angalia pia kihisio cha jicho: kamera ikigusa tumbo au ukanda, kinadhani umechungulia, na skrini inazimika ghafla.

8. Betri: kila kamera na tabia yake. Kwa vipimo vya Canon, chaji moja ya EOS 90D hupiga picha 1,300 hivi ukichungulia, na 450 tu ukitumia skrini, kwa sababu kitundu cha kioo hakili umeme wa maana. Sony A7 III, isiyo na kioo, ni kinyume: 610 kwa kitundu, 710 kwa skrini. Kwa hiyo usichukue ushauri wa betri kwa mtu ambaye kamera yake si ya aina yako.

9. Ukinunua DSLR iliyotumika, jaribu fokasi kwa skrini palepale dukani. Nyingi hushika fokasi upesi ukichungulia, lakini kwa skrini huenda mbele, hurudi nyuma, hutafuta. Canon walilitibu hilo kwa EOS 70D mwaka 2013, ila 2000D, iliyotoka miaka mitano baadaye, haikupewa dawa hiyo. Mtoto anayekimbia hakusubiri.

10. Usiku, kamera ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu, tumia skrini. Kuza sehemu moja mara kumi, zungusha fokasi kwa mkono taratibu, basi. Ukiamua kupima mwanga kwa kitundu cha DSLR kisha ukasogea pembeni, kizibe. Taa iliyo nyuma yako hupenya humo na kukipotosha kipimo.

11. Jua lenyewe usilichungulie. Kwa kitundu cha kioo na lenzi ndefu, jicho linaweza kuungua. Kwenye kamera isiyo na kioo, usiiache mezani kitundu kikitazama jua: lenzi yake ndogo hukusanya miale na kuichoma skrini ya ndani.

12. Zima marudio ya picha kitunduni. Kamera nyingi zisizo na kioo, ukishapiga, hukuonyesha picha hiyo sekunde mbili palepale unapochungulia. Maharusi wanalishana keki, wewe unatazama kipande kilichopita. Kwenye menyu, weka marudio yatokee skrini ya nyuma tu, au yafute kabisa.