Kabla ya Kutoka Wodi ya Wazazi

Mama aliyejifungua salama mara nyingi hutamani kurudi nyumbani mapema, na wodi iliyojaa nayo humruhusu kwa urahisi. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wakae kituoni saa 24 au zaidi baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Katika muda huo hatari ya mama kutokwa na damu nyingi ni kubwa, nayo damu yaweza kuanza baada ya mama kuonekana mzima.

Ukiambiwa uondoke mapema, unayo haki ya kumwuliza muuguzi sababu, bila ugomvi na bila kuona aibu. Mwombe apime shinikizo la damu, akague damu inayotoka, kisha amtazame mtoto akinyonya. Hili la mwisho husahauliwa sana: mtoto anayelala kimya kutwa husifiwa kwa upole, kumbe pengine hana nguvu ya kunyonya.

Mkiwa nyumbani, mrudisheni mtoto kituoni mara moja akiacha kunyonya, akipata degedege, joto lake likifika nyuzi 37.5, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika ilhali ametulia, au akigeuka rangi ya manjano siku ya kwanza. Msingoje tarehe ya kliniki. Tarehe yenyewe iandikwe kwenye kadi kabla hamjatoka wodini. Ukaguzi unaofuata hufanywa kati ya saa 48 na 72 tangu kujifungua.