KATAMBUGA KWA MTEJA MWENYE MGUU MPANA

Wakuu, ukiuza katambuga mtandaoni usiishie kuuliza "unavaa namba ngapi?" Namba inakupa urefu, upana haisemi. Wateja wangu wengi huku Karatu na Ngorongoro ni vikundi vya ngoma, wanataka viatu vya muonekano wa zamani, na wanaruka navyo. Mguu ukitokeza nje ya soli, mkanda unakata ngozi. Mzigo unarudi na basi, nauli juu yako.

Mwambie mteja asimame kwenye karatasi jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo. Mwenzake auchore kuuzunguka, kalamu wima. Apime kwa rula pale palipo papana zaidi, karibu na vidole, akutumie picha na sentimita. Miguu yote miwili, maana mara nyingi hailingani.

Fundi akate tairi kwa mchoro huo. Akikwambia "mpe namba kubwa tu ataenea", kataa: soli inazidi nyuma, mchezaji anajikwaa. Tairi la nyaya za chuma kagua pembeni, zinachoma.

Kabla ya matairi Wamaasai walivaa makubazi ya ngozi ya ng'ombe. Anayetaka ya kale kabisa mpe hayo, ila mwambie ngozi ikilowa inalegea.

Mchoro haujafika, tairi halikatwi. Hata akisema "we tuma tu".