Kilo Moja ya Mkaa Hutoa Gesi Kiasi Gani?

Katika msimu wa baridi, baadhi ya kaya huingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto. Wengi huamini kwamba mkaa ukishakolea na moshi ukaisha, hatari nayo imekwisha. Katika somo hili tunaonyesha, kwa hesabu ya kalamu na karatasi, kwa nini imani hiyo inapotosha.

Kanuni ya msingi

Mkaa ukiungua wote, jikoni hubaki majivu machache, lakini kilichoondoka hakikupotea. Lavoisier, mwanakemia wa Ufaransa wa karne ya 18, alionyesha kwamba katika badiliko la kikemikali masi ya vitu vilivyoungana ni sawa na masi ya vitu vilivyozalishwa. Kaboni iliyomo katika mkaa huungana na oksijeni ya hewani na kuwa gesi. Hewa ikitosha, huzalishwa kabonidioksidi:

C + O₂ → CO₂

Hewa isipotosha, huzalishwa kabonimonoksidi, ambayo ni sumu:

2C + O₂ → 2CO

Masi ya atomu ya kaboni ni 12 na ya oksijeni ni 16. Hivyo gramu 12 za kaboni hutoa gramu 44 za kabonidioksidi (12 + 16 + 16), au gramu 28 za kabonimonoksidi (12 + 16).

Hatua za hesabu

1. *Tafuta masi ya kaboni.* Mkaa si kaboni tupu. Tuchukulie kwamba kilo 1 ina gramu 800 za kaboni.

2. *Igawe kwa namna inavyoungua.* Tuchukulie kwamba gramu 760 zinapata hewa ya kutosha na gramu 40 tu hazipati.

3. *Zidisha kwa uwiano.*
Kabonidioksidi: 760 × 44 ÷ 12 = gramu 2,787.
Kabonimonoksidi: 40 × 28 ÷ 12 = gramu 93.

4. *Hakiki.* Jumla ya gesi ni gramu 2,880. Ukitoa gramu 800 za kaboni, zinabaki gramu 2,080, ambazo ni oksijeni iliyochukuliwa kutoka katika hewa ya chumba.

Kumbe kilo moja ya mkaa hutoa karibu kilo tatu za gesi, na oksijeni yote iliyotumika ni ile ambayo waliomo chumbani wangeivuta.

Maana yake chumbani

Chumba chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 22.5. Gramu 93 za kabonimonoksidi zikienea humo bila kutoka nje, kila mita ya ujazo itakuwa na takriban miligramu 4,100. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 kuhusu hewa ya ndani ya nyumba uliweka kikomo cha miligramu 35 kwa muda wa saa moja. Kiwango tulichokipata kinazidi kikomo hicho zaidi ya mara 100.

Ni kweli kwamba hewa hupenya katika nyufa za mlango na dirisha, na hivyo kiwango halisi huweza kuwa chini ya hapo. Hata hivyo, kikipungua mara kumi bado kitazidi kikomo hicho zaidi ya mara kumi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na aliyelala huweza kupoteza maisha bila kuamka.

Tunawashauri watumiaji

- Msilale chumba kimoja na jiko la mkaa, hata kama makaa yanaonekana kufifia.
- Pikieni nje, au mahali penye madirisha yaliyo wazi pande mbili.
- Msitegemee sufuria ya maji kando ya jiko. Maji hayaondoi gesi hii.
- Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata watu kadhaa chumbani kwa pamoja, tokeni nje mara moja, kisha nendeni kituo cha afya.

Majivu yanayobaki jikoni ni sehemu ndogo tu ya kilichotokana na mkaa. Sehemu kubwa imo hewani, na njia salama ni kuhakikisha kwamba hewa hiyo inatoka nje.