Kuichunguza Jamii ya Shule: Somo la Takwimu kwa Darasa la Sita

Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi anayepangiwa mazoezi ya kufundisha Ngerengere huiona safu ya Uluguru upande wa magharibi, akadhani mara moja kwamba watoto wote watakaoketi mbele yake ni Waluguru. Dhana hiyo haina budi kupimwa. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, nayo ikafika Morogoro mwaka 1907. Katika eneo hili la njia ya reli palifunguliwa mashamba ya mkonge, na mkonge ukaita vibarua kutoka mbali: Unyamwezi, Ubena, hata ng'ambo ya Mto Ruvuma. Baadaye kambi ya jeshi ilileta familia kutoka kila mkoa, na wafugaji nao wakaja na mifugo yao wakitafuta malisho. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme kutoka Dar es Salaam nayo ina kituo Ngerengere. Waluguru, Wakwere, Wakutu na Wakami wanaishi hapa pamoja na wageni ambao wajukuu wao si wageni tena.

Basi mwalimu atawajuaje watoto wake? Hana budi kuuliza. Katika makala hii tunaeleza namna ya kuuliza, na namna ya kuwafundisha wanafunzi wenyewe kazi hiyo kwa vipindi viwili.

Shabaha ya somo

Mwishoni mwa somo kila mwanafunzi aweze: (a) kutunga swali linaloeleweka na lisilomwaibisha anayeulizwa, (b) kukusanya majibu na kuyapanga katika jedwali, (c) kueleza matokeo, pamoja na kutaja ni nani ambaye hakuhesabiwa.

Kosa tulilolifanya

Tulipolifundisha somo hili kwa mara ya kwanza tuliandika ubaoni majina ya makabila matano, tukawaagiza wanafunzi wanyooshe mikono kila kabila linapotajwa. Mtoto mmoja hakunyoosha. Tulipomhimiza alijibu kwamba baba yake ni Mngoni, mama yake ni Mluguru, na bibi yake humwambia kuwa yeye ni wa ukoo wa mama. Darasa likacheka. Nasi, kwa haraka ya kumaliza kipindi, tukamtia katika safu ya Wangoni. Hakunyoosha tena mkono siku ile.

Tulipotafakari tuliona kuwa jibu lake lilikuwa sahihi kuliko jedwali letu. Waluguru hufuata ukoo wa mama, hali Wangoni huhesabu nasaba kwa upande wa baba. Mtoto yule alikuwa na haki katika pande zote mbili, bali sisi tulimwekea nafasi moja tu. Tena tulimuuliza mbele ya wenzake jambo ambalo hatukulihitaji katika kumfundisha.

Hapa sensa za taifa zinatupa mfano. Sensa ya mwaka 1967 iliuliza kabila. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza. Wanafunzi waelezwe kwamba kabila si jambo la aibu. Ila kila swali liwe na kazi, na lisilo na kazi liachwe.

Maandalizi

Mwalimu aandae karatasi ndogo zisizo na majina, na sanduku lenye tundu. Maswali manne yanatosha:

1. Ulizaliwa katika wilaya gani?
2. Nyumbani kwenu mnazungumza lugha gani? (Taja zote.)
3. Unatembea kwa muda gani kufika shuleni: chini ya nusu saa, nusu saa hadi saa moja, au zaidi?
4. Usiku wa kuamkia leo walilala watu wangapi nyumbani kwenu?

Swali la pili linaruhusu majibu mengi, kwa kuwa nyumba nyingi zina lugha zaidi ya moja. Swali la nne linafuata njia ya sensa. Mwaka 2022 makarani waliuliza ni nani aliyelala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na jumla ya watu 61,741,120 walihesabiwa nchini. Kwa njia hiyo msafiri huhesabiwa pale alipolala, wala hahesabiwi mara mbili.

Hatua za somo

Kipindi cha kwanza: wanafunzi wajadili kila swali na kueleza sababu ya kuliuliza. Wayajaribu maswali kwa wanafunzi wachache wa darasa jingine, na swali lisiloeleweka lirekebishwe. Kisha kila mmoja ajaze karatasi yake na kuitia sandukuni.

Kipindi cha pili: vikundi vihesabu majibu kwa alama za vijiti, vitano vitano, na kuchora jedwali. Hapa mwalimu asiharakishe. Tuchukue mfano wa kubuni. Darasa lina wanafunzi 50, na karatasi 40 zimerudi. Kati ya hizo, 30 zinataja Kiswahili kuwa lugha ya nyumbani. Wengi watasema: "Asilimia 75 ya darasa." Mwalimu aulize: "Na wale kumi?" Ikiwa wote kumi hawakizungumzi nyumbani, jibu ni 30 kati ya 50, yaani asilimia 60. Ikiwa wote wanakizungumza, ni 40 kati ya 50, yaani asilimia 80. Ukweli umo kati ya 60 na 80.

Kisha aulize swali zito zaidi: hao kumi ni akina nani? Huenda ni mtoto wa mfugaji aliyehama na ng'ombe wakati wa kiangazi, au yule anayetoka mbali akazuiwa na mto uliofurika. Mara nyingi anayekosa kuhesabiwa ndiye mwalimu anayehitaji kumjua zaidi. Kwa hiyo afuatwe na kuulizwa kwa faragha, wala asikisiwe.

Matumizi ya matokeo

Takwimu zisibaki ukutani. Ikiwa watoto watatu wa darasa la kwanza huzungumza Kimasai peke yake nyumbani, mwalimu aanze na picha, vitendo na vitu halisi, naye asiuhesabu ukimya wao kuwa ni ujinga. Ikiwa wengi hutembea zaidi ya saa moja, somo gumu lisiwekwe katika kipindi cha kwanza asubuhi.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Tunga swali moja kuhusu kazi za wazazi ambalo halitamwaibisha mtoto yeyote.
2. Karatasi 36 zimerudi kati ya 45, na 27 zinasema "nilizaliwa wilaya hii". Taja asilimia ndogo kabisa na kubwa kabisa zinazowezekana kwa darasa zima.
3. Katika shule uliyofanyia mazoezi, ni mtoto gani hukumuuliza lolote? Eleza sababu.