SOMO KWA WAMAMA: TELEVIZIO IKIKUWA BWANA WA NYUMBA



Fikiri mama mmoja wa Mugunga. Ametoka sokoni, amechoka. Anaingia kwa jirani mwenye televizio, anasema: "Kidogo tu." Nyumbani maharagi iko juu ya mbabula. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anacheza karibu, analindwa na dada yake wa miaka sita. Hadithi ya televizio inafika pale pazuri, mama anangoja mwisho. Halafu anasikia kilio. Chungu kimepinduka.

Yule mama si mubaya, wala si mvivu. Basi, sababu gani hakuondoka?

1. Macho yanavutwa. Mungu alituumba hivi: kitu kikitikisika ghafula, tunageuka kukitazama. Hiyo inatulinda na hatari. Lakini televizio inabadilisha picha kila mara, na macho hayapati ruhusa ya kuondoka.

2. Mwili unalegea. Tukitazama, tunasikia raha. Tukizima, raha inaisha upesi. Kwa hiyo tunaogopa kuzima. Watafiti Robert Kubey na Mihaly Csikszentmihalyi walieleza jambo hili katika mwaka 2002.

3. Hadithi haimaliziki. Wenye kuitengeneza wanaikata pale moyo unapogonga, ili turudi kesho.

Na mtoto mdogo je? Yeye anajifunza kusema kwa mama anayemtazama usoni na kumjibu. Televizio haimjibu. Katika 2019 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilishauri: mtoto ambaye hajafika miaka 2 asiwekwe mbele ya televizio ao telefone. Wa miaka 2 mpaka 4, isipite saa moja kwa siku.

TUFANYE NINI?

– Chagua kipindi kimoja mbele ya kuwasha. Kikiisha, simama.
– Wakati wa kupika, kunyonyesha na kula, zima.
– Usiache mtoto na mbabula, hata kidogo. Akiungua, mwangie maji safi ya baridi dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Mlete hospitali.
– Ukichoka, tafuta mama mwenzako. Ongeeni, imbeni, ombeni pamoja. Uchovu ndio unataka dawa.

MAULIZO

1. Ni saa gani wewe unashindwa kuzima?
2. Saa ile, mtoto wako iko wapi, na nani?

Nyumbani someni Waefeso 5:15-16. Mungu awabariki.