SOMO LA LEO: KINYWAJI CHA UBUYU NA NANAA



Hapa Dodoma mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kabla hazijaanza, hasa Oktoba na Novemba, jua huwa kali na kila mtu hutafuta kitu cha baridi cha kunywa. Wengi wetu hukimbilia soda, na huku ubuyu tunao nyumbani. Mabuyu hukomaa wakati wa kiangazi, na unga wake ukiwekwa pakavu hauharibiki upesi.

Ubuyu una vitamini C nyingi. Vitamini hii huzuia kiseyeye, yaani ugonjwa wa fizi kutoka damu. Pia huusaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Chuma ndicho kinachojenga damu, na mama mjamzito anakihitaji sana.

Sasa tuangalie jambo moja. Wengi wetu huchemsha ubuyu pamoja na maji. Maji lazima yachemshwe, maana maji machafu huleta kuhara na kipindupindu. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi, Dodoma ikiwemo. Lakini moto huharibu vitamini C. Basi tufanyeje? Tuchemshe maji kwanza, yapoe, ndipo tutie ubuyu.

Vitu vinavyotakiwa
Maji lita 2, unga wa ubuyu kikombe 1, majani ya nanaa konzi 1, ndimu 1, sukari vijiko 4 vya chakula.

Namna ya kutengeneza
1. Chemsha maji. Yakishatokota, yaache yaendelee kutokota dakika moja nzima, kisha epua.
2. Osha nanaa, itie katika maji hayo yangali moto, funika. Subiri mpaka yapoe kabisa.
3. Osha mikono kwa sabuni. Tia ubuyu, koroga, acha robo saa, koroga tena, kisha chuja kwa chujio safi.
4. Kamulia ndimu, tia sukari, onja. Msimu wa zabibu ukifika, ponda konzi moja ya zabibu safi, chuja, uchanganye.
5. Tia katika chupa safi yenye kifuniko. Izungushie kitambaa kilicholoweshwa, uiweke kivulini penye upepo. Hewa yetu ni kavu, kwa hiyo kitambaa hukauka upesi, na maji yanapokauka huondoka na joto. Hivyo kinywaji hupoa bila friji.

Kinyweni siku hiyo hiyo, msikilaze.

Tahadhari
Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe. Yeye ni maziwa ya mama tu. Mtu anayehara apewe maji ya chumvichumvi ya zahanati, wala kinywaji hiki kisichukue nafasi yake.

Kupanda nanaa
Omba kipande cha shina kwa jirani. Kipande hicho kipande katika ndoo mbovu yenye udongo, mahali penye kivuli kidogo. Mwagilia maji uliyooshea mboga. Hata mwaka wa ukame ndoo moja haikushindi.

Zoezi
1. Kwa nini tunachemsha maji lakini hatuchemshi ubuyu?
2. Kwa nini kitambaa kibichi hupoza chupa?
3. Tengenezeni kinywaji hiki darasani, kisha kila mmoja aandike hatua zake kwa maneno yake mwenyewe.