Tiba ya Mzizi wa Jino: Kabla Hujasema "Ling'oe Tu"

"Dokta, ling'oe tu nipumzike." Madaktari wa meno wameyazoea maneno haya. Anayeyasema pengine hajalala siku tatu. Ameshakunywa panadol, ameshasukutua maji ya chumvi, ameshabana karafuu kwenye tundu, na jirani amemshauri aweke tumbaku. Hatumlaumu hata kidogo, maana jino likiuma humliza mtu mzima. Lakini jino la ukubwani likishang'olewa halioti tena, na mengi yanayong'olewa yangeweza kukaa kinywani miaka mingi kama mwenyewe angejua kwamba ipo tiba nyingine. Ndiyo hiyo inayoitwa tiba ya mzizi wa jino. Wengine husema kuua mshipa, wengine kuziba mzizi.

Jino lina uhai ndani

Sehemu ya nje ya jino ni enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Chini yake kuna dentini, na katikati kabisa kuna chumba kidogo chenye kiini: nyama laini iliyojaa mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hicho hushuka hadi kwenye ncha ya mzizi kupitia mifereji myembamba. Meno ya mbele kwa kawaida yana mfereji mmoja mmoja. Magego huwa na mitatu, na gego kubwa la kwanza la juu mara nyingi lina minne.

Hakuna mdudu anayetafuna jino, ingawa wazee wetu walituambia hivyo. Bakteria waliomo kinywani hula sukari tunayokula sisi, kisha hutoa asidi inayoyeyusha enameli pole pole. Uozo ukifika kwenye kiini, kiini huvimba. Jipu la mkononi lina nafasi ya kufura, lakini kiini kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, kwa hiyo uvimbe wote hugeuka kuwa mgandamizo juu ya mishipa ya fahamu. Ukijilaza, damu huongezeka kichwani na mgandamizo huzidi. Ndiyo maana jino hukuamsha saa nane za usiku.

Si uozo peke yake unaoharibu kiini. Kuanguka na bodaboda, kupigwa mpira usoni, au ufa unaotokana na kufungua soda kwa meno huweza kukiua bila tundu lolote kuonekana. Jino la namna hiyo huenda likabadilika rangi na kuwa la kijivu baada ya miezi, hata miaka.

Siku maumivu yanapokoma

Tungependa ukumbuke sehemu hii kuliko nyingine yoyote. Jino limeuma wiki nzima, halafu asubuhi moja limenyamaza. Mgonjwa anashukuru Mungu na kughairi kwenda hospitali. Lakini jino lenye tundu lililofika kwenye kiini haliponi lenyewe. Limenyamaza kwa sababu kiini kimekufa, na mishipa ya fahamu imekufa pamoja nacho. Bakteria wamebaki mle ndani. Wanateremka hadi kwenye ncha ya mzizi na kuanza kuula mfupa wa taya, kimya kimya, mpaka siku utakapoona kipele kwenye ufizi kinachotoa usaha, au shavu limevimba.

Vidonge navyo hudanganya kwa namna hiyo hiyo. Wengi hununua antibiotiki za rangi mbili dukani, uvimbe unapungua, wanaona wamepona. Dawa husafiri kwa njia ya damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Chanzo kinabaki palepale na uvimbe hurudi. Karafuu ina kemikali iitwayo eujenoli, ambayo kweli hutuliza maumivu, na madaktari wenyewe huitumia ikiwa imechanganywa na unga wa zinki kuziba jino kwa muda. Inatuliza tu. Usaha hauwezi kuuondoa.

Ukiona uvimbe unashuka shingoni au chini ya ulimi, homa inapanda, mdomo haufunguki vizuri, au unashindwa kumeza au kupumua, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Hali hiyo huua.

Yanayofanyika kwenye kiti

Kwanza utapigwa picha ya eksirei ili mizizi na mfupa vionekane. Kisha utachomwa sindano ya ganzi. Jino lililochacha kwa maumivu wakati mwingine huchelewa kufa ganzi. Ukihisi maumivu, inua mkono na useme. Daktari ataongeza dawa. Kuvumilia kimya si ushujaa na hakumsaidii yeyote.

Jino huzungushiwa karatasi nyembamba ya mpira, ili mate yenye bakteria yasiingie mle ndani, na vifaa visidondokee kooni. Daktari hutoboa tundu dogo juu ya jino, huondoa kiini, kisha husafisha kila mfereji kwa vijitupa vyembamba kama sindano huku akiuosha kwa dawa ya jamii ya klorini inayoua bakteria. Hapa ndipo muda unapokwenda. Karibu na ncha, mfereji ni mwembamba kama uzi, na mara nyingi umepinda. Ukisahaulika mmoja tu, ugonjwa hurudi. Kwa hiyo daktari akikuweka saa nzima usinung'unike, anafanya inavyopaswa.

Penye usaha, huweka dawa ndani, huziba kwa muda na kukupangia siku ya kurudi. Mifereji ikishakauka na kuwa safi hujazwa gatapacha, kitu kinachofanana na mpira, kinachotokana na utomvu wa miti ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Kimetumika kwenye meno tangu karne ya 19. Kazi yote huchukua hudhurio moja hadi matatu.

Ukitoka hapo

Jino linaweza kuwa na maumivu madogo siku mbili au tatu ukitafuna. Hayo ni ya kawaida. Kosa kubwa tunaloliona ni mgonjwa kutorudi kwa sababu haumwi tena. Kizibo cha muda huchakaa, mate hupenya, na kazi yote hupotea. Tena gego lililotibiwa limepoteza sehemu kubwa ya kuta zake, hivyo hupasuka kirahisi. Linahitaji kuzibwa imara na, mara nyingi, kuvikwa kofia. Mpaka hapo, mahindi ya kuchoma na mifupa tafunia upande mwingine.

Gharama, na pale tiba isipofaa

Tiba hii ni ghali kuliko kung'oa, na vituo vingi vya vijijini havina vifaa vyake. Huenda ukapewa rufaa. Uliza bei yote, pamoja na ya kofia, na uulize bima yako inalipia nini. Ila usipige hesabu ya siku moja. Jino likitoka, ya jirani hulalia pengo, la upande wa pili hurefuka, na meno ya bandia nayo yana bei yake.

Yapo meno yasiyookolewa: lililovunjika chini sana ya ufizi, lenye mzizi uliopasuka kwa urefu, au lililopoteza mfupa unaolishikilia. Hayo kung'olewa ndiyo haki yake. Na wala usiogope kwamba kung'oa jino la juu hupofusha, kwani halina uhusiano na kuona kwako.

Mjamzito anaweza kutibiwa. Amwambie daktari mapema kuhusu ujauzito wake. Watoto wenye meno ya utoto wana tiba yao tofauti, nao wasicheleweshwe.

Ukikaa kwenye kile kiti, kabla daktari hajashika koleo, muulize: "Jino hili linaweza kuokolewa?" Ni haki yako kujibiwa, na kuonyeshwa picha ya jino lako.